Mume Aliyerudishwa na Shangazi Mwamvua

Shangazi yangu Mwamvua wa Ngamiani alikuwa mpishi hodari, lakini Jumatano mchana jiko lake halikuwaka. Jumatano alasiri ilikuwa zamu ya wanawake peke yao katika sinema ya Esmailji, na mwenye njaa alijua pa kwenda. Mumewe, Uweso, hakulalamika. Alimsindikiza mpaka mlangoni, kisha akakaa kwenye benchi la muuza kahawa ng'ambo ya barabara, akangoja. Wakirudi, shangazi alimsimulia picha yote, nyimbo na vilio, nao wakazungukia sokoni ili njia iwe ndefu. Miaka ile ya hamsini Uweso alizijua picha zote za Kihindi zilizofika Tanga, na ndani hakuwahi kukanyaga.

Uweso alipofariki, shangazi alikaa eda bila kudondosha chozi. Majirani wakateta kwamba kinachomuuma ni sinema. Maneno yao yaliniudhi, ingawa swali lake la kwanza kwa shoga yake Mboni lilikuwa, "Jumatano hii wameleta picha gani?"

Mboni akaenda kumwangalilia. Kusimulia hakujui hata kidogo. Alituchosha na vikuku na sari, na pale merikebu ya mume wa kwenye picha ilipozama, mtoto aliyekwenda naye alianza kutapika, Mboni akatoka naye. Mwisho hakuuona.

"Basi nitauona mimi," shangazi akasema, hapo hapo mkekani. Mume, akasema, aliokolewa na wavuvi, akaugua sana, na siku mkewe anatoka eda akabisha hodi mlangoni na mtungo wa samaki mkononi. Uweso ndivyo alivyokuwa akirudi nyumbani, lakini uani hakuna aliyelikumbuka hilo, wote wakilia. Hadithi ikatembea mpaka Pongwe. Walioiona picha yenyewe wakaambiwa hawakuangalia vizuri.

Shangazi alipotoka eda, picha ikarudishwa. Ukumbi ulijaa mabuibui. Merikebu ikazama, mke akavunja vikuku vyake kwa ujane, taa zikawaka.

"Na hodi iko wapi?" akauliza Mwanasiti, aliyetoka Pongwe makusudi.

Ukumbi mzima ukainuka: Esmailji amekata picha. Akaja anafuta jasho. "Wallahi mama zangu, sikukata kitu. Huyu bwana amekufa."

"Hakufa. Muulize Mwamvua."

Shangazi, aliyeaminiwa na mji mzima kwa habari za picha, sasa angeitwa mwongo. Akasimama, shingo juu.

"Amekufa," akasema. "Mimi ndiye niliyemrudisha."

Wengine walicheka, Mwanasiti akasonya. Tukatoka. Nje, kwa mazoea, shangazi alivuka barabara moja kwa moja mpaka kwa muuza kahawa, akaanza, "Leo, Uweso, we acha tu." Benchi lilikuwa tupu.

Akakaa, akalia kilio cha miezi yote ile. Mwanasiti akavuka, akaketi karibu naye na kumshika mkono.

"Tuhadithie tena ile yako," akasema. "Hiyo ya Esmailji siitaki."