Chupa Mbili za Mayai ya Chura

Nilikuwa katika mwaka wangu wa nne wa kufundisha biolojia kwenye shule moja ya sekondari mjini Njombe, na nilikuwa nimeshaanza kujiona mjuzi. Siku hiyo tulikuwa kwenye mada ya amfibia, kidato cha pili. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Kwao ni Mdandu, ila alikuwa akikaa kwa shangazi yake, kata ya Ramadhani, ili awe karibu na shule. Hakuwa mtu wa kunyoosha mkono.

"Madam, nimekuja na mayai ya chura."

Akatoa chupa mbili za maji zilizokatwa shingo. Alikuwa ameyachota kwenye mfereji wa vinyungu, zile bustani za bondeni. Katika chupa moja ute wa mayai ulikuwa mweupe. Katika nyingine, kila yai lilikuwa na rangi ya kijani, kama chai ya majani mabichi.

"Haya yalikaa uvunguni, haya dirishani," akasema. "Ya dirishani yamegeuka kijani, tena kwa ndani, madam, siyo nje. Na watoto wake wamekua haraka. Kwa nini?"

Swali lilikuwa zuri, nami sikuwa na jibu. Ningesema sijui, tungetafuta pamoja. Badala yake nikajificha nyuma ya kanuni ya shule.

"Uliza kwa Kiingereza."

Akajaribu. Akapata neno la yai, akapata neno la kijani, kisha akakwama, na kwa kuhangaika likamtoka neno la Kibena, lugha ya kwao. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka. Ningeweza kunyamaza tu, lakini nilicheka, na kwa sauti.

"Huo ni uchafu," nikamwambia. "Mayai yako yameoza."

Nilipokuwa nikisema hivyo, chupa ilikuwa mkononi mwangu, na ndani ya ule ukijani nilikiona kiluwiluwi kikijigeuza. Kitu kilichooza hakijigeuzi. Nilikiona, na bado nikafungua dirisha nikamwaga chupa zote mbili kwenye bustani ya maua. Alikuja mbele akazichukua chupa zake tupu, akazifuta kwa sketi, akarudi kukaa.

Wenzake wakampa jina, Mama Chura. Nililisikia mara nyingi nikipita nje ya madarasa, wala sikumkemea mtu. Kidato cha tatu aliacha fizikia na kemia. Biolojia hakuweza kuikwepa kwa kuwa ni ya lazima, lakini hakuniuliza swali tena mpaka alipomaliza shule.

Miaka ikapita. Mwaka jana walimu wa sayansi tuliitwa kwenye mafunzo Makambako. Mwezeshaji, mzee mmoja mpole aliyestaafu kufundisha chuoni, alituwekea ukutani picha ya mayai ya salamanda, jamaa wa chura mwenye mkia asiyepatikana huku kwetu. Mayai yalikuwa ya kijani. Nikaikumbuka ile chupa ya dirishani.

Akaeleza kwamba ule ukijani ni mwani, mimea midogo mno isiyoonekana bila hadubini, unaoishi ndani ya yai. Unajilisha kwa taka za kiinitete, yaani mtoto anayekua ndani ya yai, na mwanga ukiupata unakipa kiinitete oksijeni. Akasema mwingine umekutwa hata ndani ya chembe hai za mwili wa kiinitete chenyewe.

"Na vyura wa huku?" mwalimu mmoja akauliza.

"Wa huku sijui. Sijasikia aliyewachunguza. Kuna mtu amewahi kuona?"

Nikanyoosha mkono. "Mimi nimewahi," nikasema. "Niliweka mengine kwenye mwanga na mengine gizani."

Niliweka. Nilisema hivyo hivyo. Walimu wenzangu wakanipigia makofi, na mzee akaandika jina langu kwenye daftari lake. 

Nilijua yule binti yuko pale pale Makambako, anauza kwenye duka la pembejeo. Mafunzo yalipoisha nikaenda. Alikuwa akimpimia mteja mbegu za maharage. Aliponiona akaacha kipimo, akanipa shikamoo kwa heshima kama zamani, na heshima ile ilinichoma kuliko tusi.

Mteja alipoondoka nikamweleza yote: mwani, picha, na uongo wangu wa asubuhi ile. Alisikiliza huku akikunja mdomo wa gunia.

"Kwa hiyo hayakuwa yameoza," akasema.

"Hayakuwa. Na nilijua siku ile ile. Nilikiona kimoja kikijigeuza."

Hapo ndipo akaniangalia. "Uliona?"

"Niliona."

Akaliacha gunia. "Mimi nilijua nimekosea, madam. Miaka yote hii. Shangazi alikuwa ameshanichapa kwa kumwekea uchafu wa kijani dirishani, na baada ya darasa lako nikasema sawa, hata mwalimu kasema ni uchafu."

Nikaomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakukataa. Nikampigia simu mwezeshaji mbele yake, nikamwambia kwamba kazi ile haikuwa yangu, afute jina langu, aandike la binti aliyeifanya. Mzee akasema tu, "Mpe simu." Wakaongea. Nilimsikia binti akieleza habari za mfereji, siku ngapi dirishani, maji aliyabadilisha mara ngapi. Alikumbuka kila kitu, na alieleza kwa Kiswahili bila kukwama hata mara moja.

Aliponirudishia simu alisema, "Mvua zikianza nitakwenda nyumbani Mdandu, nitayatafuta tena."

"Ukiyapata, hadubini ipo shuleni kwetu," nikasema.

"Hapana, madam. Usinielewe vibaya. Nitampelekea yule mzee. Kwako sitaleta."

Nikamwambia yuko sahihi. Mteja mwingine akaingia kuulizia dawa ya viazi, nami nikasogea pembeni ili ahudumiwe.