Kitambaa Ambacho Babu Alirudi Nacho Kutoka Burma

Nina kibanda cha kushonea nguo hapa Nyasura, Bunda. Mwaka juzi Mchina mmoja, fundi wa mitambo kule Buhemba, alianza kuniletea suruali za kazi zilizochanika magoti. Kiswahili chake ni cha kuokoteza lakini tunaelewana. Siku moja niliona maandishi ya Kichina kwenye begi lake, nikakumbuka kitambaa chenye maandishi kama hayo kilichofichwa ghalani kwa baba, Butiama.

Kitambaa hicho babu mzaa baba alirudi nacho kutoka Burma, alikopelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani katika Vita Kuu ya Pili. Kijiji kizima kilisema ni cha adui aliyemuua kwa mkono wake, na bibi hakutaka kiingie nyumbani. Babu hakubisha. Kanisani alikaa benchi la nyuma mpaka alipofariki, na akiulizwa habari za vita alijibu hivi tu: "Yule mtu alikuwa mzito." Tuliamini anausema mzimu uliomkalia. Baba alikua akiitwa mtoto wa muuaji, na mimi jina hilo nililikuta shuleni likinisubiri.

Nilimwomba baba akilete. Alikuja nacho Jumamosi, kimefungwa kwenye gazeti, akiwa na sura ya mtu aliyelazimishwa. Mchina alipofika nilikitandaza kando ya cherehani: hariri, bendera yenye jua jeupe, maandishi chini yake, na namba. Mchina alisoma mpaka mwisho. Kisha akaomba maji, akanawa mikono, ndipo akakigusa.

"Mzee, hii bendera ya China ya zamani. Inasema mtu huyu wa nje amekuja China kutusaidia vita. Askari na raia, wote wamwokoe."

"Mtu gani?" baba akauliza.

"Mmarekani wa ndege. Wanashona kwenye koti. Ndege ikianguka, watu wajue ni rafiki."

Nilimwambia anakosea. Wachina na Wamarekani ninaowasikia redioni kila siku wanazozana. Alitoa simu akatuonyesha picha ya vijana wawili chini ya bawa la ndege, Mchina na mzungu, wameshikana mabega. Yule Mchina wa pichani ni babu yake. Walifunzwa urubani pamoja India, akasema, wapigane na Wajapani hao hao, na kila kikosi kilikuwa na wakuu wawili, mmoja wa kila taifa.

"Babu yangu hajui Kiingereza. Huyu hajui Kichina. Huko juu wanaongea kwa mikono."

Nilirudi kukitazama kitambaa, sasa kwa jicho la kazi yangu. Pembeni kulikuwa na matundu ya sindano, yamepangana vizuri. Nyuzi zilikuwa zimekatwa mmoja mmoja kwa kitu chenye makali, na hariri haikuguswa hata mahali pamoja. Anayepora hafanyi hivyo, anachana. Na doa la kahawia lililokuwa kwenye hariri, ambalo tangu utoto niliambiwa ni masizi ya ghalani, lilikuwa limeingia ndani ya nyuzi, jinsi damu inavyoingia.

"Alikuwa mzito," baba akasema polepole. "Baba alikuwa amembeba."

Baba aliketi kwenye kiti cha wateja, mzee wa miaka themanini.

"Nilikuwaga namwogopa," akasema. "Alipozeeka akitaka kukushika, nilikuwaga nakutoa mikononi mwake."

Sikuwa nalijua hilo.

Kama yule mtu alifia mgongoni mwa babu au alifikishwa kwa wenzake kwanza, hatujui. Wala hatujui kwa nini babu alikubali kuitwa muuaji. Labda aliona hakumwokoa. Mchina aliipiga picha ile namba akaituma kwao, kwa watu wanaotunza kumbukumbu za vita. Mpaka leo hakuna jibu.

Wiki iliyofuata baba alikwenda parokiani kuomba misa ya marehemu wawili. Padri aliandika jina la babu, akauliza la pili.

"Sina," baba akasema. "Andika rafiki yake."

Siku ya misa Mchina alikuja na pikipiki kutoka Buhemba, akiwa amevaa suruali niliyomshonea. Baba alimpeleka benchi la mbele. Mchina hakujua lini watu husimama wala lini hupiga magoti, kwa hiyo alimtazama baba, na kila baba alipoinuka, naye aliinuka.