Tulivyoichagua Aprili

Mke wangu alifundisha Homa Bay, mimi niliuza mitumba Migori, na kwa miaka tisa ya ndoa alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: aogelee baharini. Ziwa alikuwa amelimaliza. Alizaliwa Sindo, kando ya ziwa hilo, alijua kuogelea kabla ya kuvaa viatu. Sasa alitaka maji ya chumvi.

"Mwaka huu twende," nikamwambia. Alipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amejifungua.

Ikabaki kuchagua mwezi. Shule zilifungwa Aprili, Agosti na Desemba. Desemba nikaifuta mapema. Mwezi huo Pwani wanakutoza hata kivuli. Agosti jamaa zake walikuwa wameshaigawana: harusi mbili na kumbukumbu ya marehemu babu. Nikaenda posta kumpigia kaka yake, mpishi wa hoteli moja kule Diani.

"Aprili vyumba ni nusu bei, shemeji."

"Nusu ya hiyo nusu haipo?"

"Mimi napika tu, shemeji. Hoteli si yangu."

"Na mvua?"

"Mvua iko. Jua pia liko."

Hilo lilinitosha. Sisi watu wa soko la Migori tunajua mvua ya Aprili ina saa yake. Asubuhi ni jua. Ikifika saa tisa alasiri tunafunika nguo kwa turubai, ngurumo ilie isilie. Nikapiga hesabu, nikairudia: siku nne, asubuhi nne za kuogelea, alasiri nne za kulala. Mke wangu akashonesha nguo ya kuogelea kwa fundi wa Oyugis, akawa anaijaribu kila jioni mbele ya kioo. Mimi pia, msinicheke, nilinunua kaptura.

Tulifika mchana. Jua lilikuwa linawaka, bahari inameremeta, naye tayari ameshika taulo.

"Ngoja," nikamwambia. "Saa tisa inakaribia."

Tukangoja barazani mpaka giza likaingia. Halikudondoka hata tone. Asubuhi ndipo mbingu zilipofunguka, maji yakamwagika kama ya bomba lililopasuka.

Shemeji akatoka jikoni, anacheka waziwazi. "Huku inanyesha asubuhi. Hukuniuliza saa."

Kweli, sikuuliza hata mara moja.

"Tungoje saa nane," nikasema kwa sauti ndogo.

"Miaka tisa nimengoja, baba watoto. Saa nane utaniletea ngurumo zako za Migori." Akanitupia taulo, akashuka ngazi, akakimbia mchangani huku wageni wote barazani wanamkodolea macho.

"Ni chumvi!" akapiga kelele kutoka majini. "Ni chumvi kweli!"

Nikamfuata na kaptura yangu mpya, nimelowa kabla sijafika. Nilimkuta anaelea chali, mdomo wazi, anakinga mvua.

"Sogea," akaniambia. "Unanizibia."