Kofia ya Askari pale Darajani

Kanuni ya kundi letu haikuandikwa popote, lakini hakuna aliyeibishia: aliyetoka kabla ya filamu kwisha hana neno. Angeweza kuketi nasi nje, akanywa chai na kucheka pamoja na wengine, ila zamu ya kutoa maoni ilipomfikia, ilimruka. Kwa muda mrefu mtu aliyerukwa alikuwa mimi.

Tulikutana Jumapili baada ya ibada, katika chumba cha video cha mtaa wetu hapa Bunia, chenye kuta za matofali mabichi na turubai madirishani. Nyuma yake ilinguruma jenereta, ambayo sisi huiita grupu. Zilionyeshwa filamu za zamani tu, zile zilizozunguka mjini enzi za kaseti, pamoja na tamthilia za wakati ambapo nyumba moja ilikuwa na televisheni na mtaa mzima ukaleta viti. Majina yake halisi hatukuyajua. Tuliziita kwa kile kilichotukaa akilini: Ya Mama wa Miwani, Ya Punda, Ya Ndugu Wawili.

Kando ya skrini aliketi mfasiri na maikrofoni yake. Filamu zilisema lugha ambazo hatukuzielewa, na nina shaka kama yeye mwenyewe alizielewa zote. Hata hivyo alimpa kila mtu sauti, na kila mahali akapabandika jina la kwetu. Soko lolote likawa Iga Barrière. Mto wowote ukawa Shari. Na barabara yoyote yenye mbio na risasi ikawa barabara ya Komanda.

Watu walicheka kila mara. Nilikielewa kicheko hicho: kilikuwa cha watu wanaopita barabara hiyo kwa sababu hawana nyingine. Ilikuwa miaka ambayo ukiuliza habari za njiani ulijibiwa kwamba kumetulia kidogo, na mkazo uliwekwa kwenye neno la mwisho. Mimi pia nilikuwa nimeipita, nikirudi kutoka Butembo na karatasi za tasnifu yangu ya uzamili, siku gari letu lilipopigwa risasi. Dereva na mwanamke aliyeketi kando yake hawakufika Bunia. Mimi nilifika bila mkwaruzo, jambo ambalo nimejaribu kulifikiri kwa utaratibu na bado sijafaulu. Tangu hapo sikuweza kuandika aya nzima, na mfasiri alipotamka «Komanda», miguu ilinitoa nje kabla sijaamua lolote.

Kwa hiyo Ya Ndugu Wawili, filamu niliyoipenda kuliko zote, niliijua hadi katikati tu. Ndugu mmoja ni askari, mwingine ni mtoro. Askari anamfukuza mdogo wake kwa pikipiki milimani mpaka daraja la mbao. Pale, niliambiwa, anavua kofia na kuiweka chini, na filamu inakwisha. Kofia hiyo ililigawa kundi letu kwa miaka.

«Alitoa kofia juu ya joto,» alisema kinyozi wa mtaa, aliyejiona mkubwa wetu. «Hamukuona jasho? Mwanaume yuko juu ya pikipiki tangu asubui.»

«Weye kila kitu ni joto,» alijibu mama mshonaji, mwanamke aliyekimbia kutoka upande wa Aveba na kufungua cherehani yake upya karibu na soko. «Mu filme ya Punda pia ulisema punda analia juu ya joto.»

«Na kulikuwa joto.»

«Alitoa kofia vile tunatoaka mbele ya maiti. Ndugu yake iko muzima, lakini kwake alisha kufa.»

«Mimi nafikiri,» nilianza.

«Docteur, kunywa chai,» alisema kinyozi. «Weye ulitoka.»

Shahada ya udaktari ilikuwa mbali nami, na yeye alilijua hilo vizuri. Nilikunywa chai. Lakini siku hiyo niliapa kimoyomoyo kwamba filamu hiyo nitaimaliza, na kwa kuwa nina tabia ya kutafuta njia ya mzunguko kabla ya ile iliyonyooka, nilikwenda kwanza kwa mfasiri, kwenye kibanda chake cha kuchajia simu.

«Papa, ile barabara ya mbio, hauwezi kuiita jina ingine?»

Aliniangalia kwa makini. «Komanda njo inakutoaka inje?»

«Ndiyo.»

«Bon. Ungesema tangu zamani. Barabara ziko mingi.»

Jumapili iliyofuata ilirudiwa Ya Ndugu Wawili, na pikipiki ilipoanza kupanda mlima, alivuta pumzi na kusema, «Hao sasa, wanaingia njia ya Aveba.»

Watu walicheka. Miguu yangu ilitulia. Nilikuwa bado ninashangilia ndani kwa ndani nilipomwona mama mshonaji akikunja kitenge chake, akiomba njia mbele ya magoti ya watu, na kutoka. Nilitoka nyuma yake. Zamu ya maoni ilipomfikia, alitikisa kichwa.

«Miye nilitoka.»

«Mama, ulibakia nusu,» kinyozi alimbembeleza. «Tupatie nusu.»

«Nusu haiko neno.»

Mabishano siku hiyo yalikuwa baridi. Hakuna aliyempinga kinyozi kuhusu joto, na naye alionekana kuchoshwa na ushindi wake.

Wiki hiyo nilitandaza ramani ya Ituri mezani, mahali tasnifu ilipopaswa kuwa, nikatafuta barabara moja ambayo mfasiri angeweza kuitaja bila kumtoa mtu chumbani. Kila nilipoweka kidole nilimkuta mtu wa benchi letu. Nilifikiria jina la kubuni, nikaona kwamba jina la kubuni halingemchekesha yeyote, na kwamba kicheko kile ndicho kilichowaleta watu. Nikaikunja ramani. Ikiwa lazima barabara iwe ya mtu, basi iwe yangu.

«Rudisha Komanda,» nilimwambia mfasiri.

«Utatoka tena.»

«Sitatoka.»

«Na kama umetoka?»

«Nitakunywa chai.»

Safari hii sikuketi karibu na mlango. Nilijibana katikati ya benchi la mbele, kati ya kinyozi na mama mshonaji, ili kutoka kuwe aibu na kazi. Pikipiki ilipanda. Mfasiri alisita kidogo, kisha akalitaja jina. Niliikalia mikono yangu na kufumba macho. Kanuni ilidai mtu abaki, haikudai aone.

«Bado,» mama mshonaji alininong'oneza bila kugeuka. «Wako kwa kona. Bado. Sasa mawe. Sasa daraja. Fungua macho.»

Katika filamu hii mfasiri alikuwa na desturi moja ambayo sikuwahi kuijua, kwa kuwa ni ya mwishoni: sehemu ya mwisho haitafsiri. Huweka maikrofoni pajani na kutuachia wenyewe. Katika ukimya huo askari alivua kofia, akaiinamia, akaiweka juu ya mbao, na mimi nikasikia kitu ambacho sauti ya mfasiri ingekifunika.

Nje, chai ilimiminwa. Zamu ilizunguka, ikanifikia, ikasimama.

«Docteur,» alisema kinyozi.

«Hakuzima moteri,» nilisema. «Alishuka, akavua kofia, lakini pikipiki iliendelea kunguruma. Mtu aliyefika mwisho wa safari huzima. Huyu aliweka chini kofia ya kazi, safari bado anayo.»



«Grupu njo ulisikia,» kinyozi aliamua, na benchi zima likaangua kicheko.

«Grupu yetu inakohoa. Ile haikukohoa.»

«Pikipiki yote inakohoaka.»

«Za Bunia. Hii ni ya filamu.»

«Mfasiri alisema iko ya Komanda.»

Chai ilinimwagikia kidole. Niliiweka bilauri chini, nikakifuta kwa shati.

«Basi ni ya Komanda,» nilisema. «Na hakuizima.»

Kinyozi alifungua kinywa kunijibu, lakini mama mshonaji alimwekea kiganja begani.

«Muache amalize. Alibakia.»

Nikaendelea.