Mjomba Asiyetaka Kukimbia

Tulishuka katika bandari ya Matrah, pwani ya bara Arabu, mwaka 1964, mimi na mama yangu, miezi michache baada ya mapinduzi ya Unguja. Gati halikuwapo wakati ule. Meli ilitia nanga mbali, mashua zikatuleta hadi maji ya magotini, na hapo akatupokea mjomba, ndugu mdogo wa mama, ambaye mimi sikuwahi kumwona. Ni yeye aliyetudhamini mpaka tukaruhusiwa kushuka. Alikuwa mrefu na mwembamba, kanzu ameikunja hadi magotini, na kichwani kavaa kofia ya kizungu yenye ukingo mbele, kisha juu yake kazungusha kilemba. Mama hakuwa amemwona kwa miaka ishirini. Kitu cha kwanza alichokitazama ni kichwa.

“Nini hicho umevaa?”

“Kofia ya kuchezea mpira, dada. Jua la hapa kali.”

“Mpira gani, na mvi hizo?”

Mjomba akacheka, akambeba mama mgongoni mpaka nchi kavu, kisha akarudi majini kuifuata cherehani ya mama iliyobaki mashuani.

Habari zake tulizipata kidogo kidogo, maana hakuwa mtu wa kujieleza. Aliondoka Unguja kijana, baada ya kugombana na babu, akaishia katika kambi ya mafuta ya Wamarekani huko bara Arabu. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo jikoni. Viazi vilivyooza alivitupa ndani ya pipa lililokuwa upande wa pili wa ua, na havikukosa pipa hata kimoja. Msimamizi mmoja alisimama dirishani siku tatu akimtazama, siku ya nne akampa mpira mdogo mgumu na glavu ya ngozi. Ndivyo alivyoingia katika besiboli. Sijui kama kulikuwa na mtu wa Unguja aliyemtangulia katika mchezo ule. Yeye alisema hakumwona.

Alitueleza mchezo wenyewe kwa kutumia vikombe vya kahawa juu ya mkeka. Mmoja anarusha mpira, mwingine amesimama na gongo. Akiupiga, anazunguka vituo vitatu na kurudi alipoanzia, kabla maadui hawajamgusa na mpira. Mjomba aliweza kuyafanya yote, isipokuwa jambo moja: hakukimbia. Kwake, mtu mzima hakimbii mbele za watu ila nyumba ikiungua. Alikuwa akiupiga mpira mbali kabisa, kisha anatembea, mikono nyuma, kama anayetoka msikitini. Wamarekani walimvumilia miaka sita, halafu wakamtoa kwenye timu. Naye akaacha kazi siku hiyohiyo, akapanda jahazi la kwanza lililokuwa likija Matrah.

Tulipofika alikuwa mlinzi wa mchana katika ghala la tende la tajiri mmoja wa Kihindi. Kunguru hawakutua kwenye paa lile. Alikuwa ameshaoa na kuachana mara tatu, na kwa namna nisiyoielewa wake wote watatu walikuwa bado wanampenda. Siku ya Idi zilikuja sinia tatu kutoka nyumba tatu, naye alikula kidogo katika kila moja, kwa haki, kama bado yuko kwenye zamu. Mama alimuuliza kwa nini waliachana. Alisema wa kwanza alichoka kumsikia akizungumza na mpira, wa pili alivunjiwa taa, na wa tatu, mshona kofia, hakusema sababu, “na mimi sikumuuliza, dada, nliogopa atanambia.”

Tajiri alinichukua niwe karani wake wa barua za Kiingereza. Hivyo nilikuwa na mjomba kutwa, na hivyo nikawa mmoja wa wachezaji wa timu aliyoiunda mwenyewe hapo ghalani. Wengine walikuwa wapagazi wa ghala, wengi wao Wabaluchi, fundi cherehani mmoja, na mshona viatu wa sokoni aliyetutengenezea mipira kwa ngozi ya mbuzi iliyofunika vipande vya tyubu ya gari. Kila Ijumaa baada ya sala tulikwenda Ruwi, ambako siku hizo kulikuwa na bonde tupu na uwanja mdogo wa ndege. Vituo vyetu vilikuwa magunia ya tende. Nilikuwa mchezaji mbaya. Sisemi kwa unyenyekevu. Mpira ulinipiga kifuani zaidi ya nilivyoudaka.

Mwaka wa pili au wa tatu, Mmarekani mmoja wa visima vya mafuta alikuja ghalani kununua kamba za kufungia mizigo. Akamwona mjomba akitupa jiwe, na kunguru akianguka juu ya ukuta wa jirani. Aliniuliza mtu yule ni nani. Kabla sijajibu, mjomba alimjibu mwenyewe kwa Kiingereza cha kambi, na wakaishia kukaa chini ya kivuli cha mlango wakipimana viganja. Mechi ilipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Wageni walikuja tisa, na gari mbili, na barafu. Sisi tulikuwa tisa na gongo moja. Mjomba alirusha mpira mchana kutwa, akisimama tu kwa sala ya alasiri. Kila mzungu aliyeshika gongo alimwambia kwa Kiswahili, kwa upole, “Pole baba, huu huuoni,” na kweli wengi hawakuuona. Sisi wengine ndio tulioharibu. Tulipofika zamu yetu ya mwisho walikuwa wametuzidi kwa pointi moja, na mpagazi wetu mmoja alikuwa amesimama kwenye gunia la tatu. Zamu ikawa ya mjomba.

Aliupiga ukapita juu ya vichwa vyote. Mpagazi akaingia, tukawa sawasawa. Mjomba akaanza kutembea. Lakini wageni walikuwa wameshamsoma. Mtu wao mmoja alikuwa amesimama mbali sana, karibu na migunga. Aliutoa mpira kwenye miiba, akamrushia mwenziwe, naye akamrushia mwingine. Sote tulipiga kelele, kwa Kiswahili, Kibaluchi na Kiarabu. Mjomba alilipita gunia la tatu kwa mwendo uleule. Waligusa bega lake akiwa amebakisha hatua kumi. Zamu yao ilipokuja wakapata moja, wakashinda.

Njiani sikuweza kunyamaza. “Mjomba, hatua kumi tu!”

“Nliziona.”

“Ungekimbia ungefika.”

“Ningefika, mwanangu. Halafu ningekuwa mtu aliyefika mbio.”

Fundi cherehani hakuzungumza naye mwezi mzima.

Haikupita wiki tangu mechi, mjomba akaitwa kwa mkubwa mmoja wa serikali mjini. Kuna mtu alipeleka habari kwamba wanaume wanakusanyika bondeni na marungu. Nilikwenda naye kuwa shahidi. Mkubwa alikuwa mzee mtulivu, ameliweka gongo letu, tulilotakiwa kuja nalo, juu ya zulia mbele yake. Alizungumza Kiarabu, bila ukali.

“Mchezo huu una faida gani?”

“Hauna, sheikh.”

“Basi kwa nini mnaucheza?”

Mjomba alifikiri. “Mkono wangu unajua kitu kimoja tu. Nkiukalisha bure, unauma.”

Mzee akamtaka aonyeshe. Juu ya ukuta wa ua kulikuwa na tundu la bomba la kutolea maji ya mvua, si pana kuliko mdomo wa gudulia. Mjomba aliokota kokoto akaipitisha. Mzee akasema tena, akaipitisha ya pili. Alitaka ya tatu, nikaona anatabasamu. Kisha akaamuru tuletewe kahawa, tukanywa, na baada ya kahawa akasema kwamba mchezo umekwisha, watu wasikusanyike tena bondeni, na gongo litabaki pale. Mjomba alimpa mkono, akamshukuru kwa kahawa.

Nyumbani alikaa siku nyingi bila kuvaa ile kofia yake. Halafu yule Mmarekani wa kamba akamtafutia kazi ya upishi katika kambi ya visima huko ndani jangwani, naye akaenda. Kwa miaka miwili tulipata salamu zake kupitia kwa madereva. Dereva mmoja alisema wanacheza huko kila jioni na mjomba ni kama sultani. Mwingine alisema hajui mchezo wowote, anajua tu kwamba wali wake hauna chumvi.

Alirudi akiwa amefungwa mkono kifuani. Alianguka kutoka juu ya lori lililopakia mapipa, bega likavunjika na kuungwa vibaya. Mama alimkanda kwa mafuta ya nazi, kila siku baada ya alfajiri, kwa majuma. Siku aliyofungua kitambaa alitoka uani, akaokota jiwe, akaulenga mlango wa choo. Mkono haukupita usawa wa bega. Jiwe lilianguka mbele ya miguu yake. Mama alikuwa akichagua mchele na hakuinua macho. Mjomba akaliokota lile jiwe, akalirudisha mahali pake pembeni ya ukuta, akaingia ndani.

Yule mshona kofia, mtalaka wake wa tatu, alikuja kumtazama mgonjwa. Alikuja mara moja, akaja tena, mara ya tatu akaja na kazi yake ya kushona, akakaa na mama hadi adhuhuri. Siku moja alisema, kwa sauti ya kufika chumbani, “Mwambie nduguyo, mimi nyumba yangu ina nafasi.”

“Mwambie mwenyewe,” mama akajibu. “Masikio hayakuvunjika.”

Kisha mjomba akauliza kutoka ndani, “Safari ile uliondoka kwa nini?”

“Uliniuliza?”

“Hapana.”

“Basi ndiyo sababu.”

Nikaha ilifungwa mwaka 1970, miezi michache kabla ya sultani mpya kushika nchi na jamaa zetu kuanza kurudi kutoka kila upande. Mimi nilipata kazi ya kufundisha katika shule mpya. Mjomba alihamia kwa mkewe, chumba cha juu chenye dirisha la kutazama soko, na kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akajifunza kumshikia kitambaa kikiwa kimenyooka, ili yeye ashone. Nilipokwenda kuwaamkia alinionyesha vitundu vya urembo vilivyotariziwa kwenye kofia moja aliyoimaliza mkewe. Alikuwa amevihesabu vyote.