Fremu Mbili kwa Aya Moja

Kaka yangu alituandikia aya ya Kurani kule Mutsamudu, pua ikigusa karatasi kwa jinsi macho yalivyomfifia. Mistari miwili ya wino mweusi, na jina lake pembeni chini, dogo kama ufuta. Alisema hataandika nyingine. Ilikuwa ya ukumbini kwa binti yangu, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke, na harusi ilikuwa Ijumaa. Nikarudi Moroni na karatasi imeviringishwa ndani ya mkeka.

Fundi wa mtaa wa Badjanani alikuwa na fremu za kipimo kimoja tu. Mamluki walipompindua rais, picha zake zilishushwa maofisini, na fundi akaokota fremu pamoja na vioo. Mwaka ule nusu ya mji ilitundika vitu vya ukubwa wa yule bwana.

"Karatasi imezidi, mama. Nikate hapa chini, vidole vinne."

"Hapo pana jina la kaka yangu."

"Aya ni ya Mungu. Jina la nini?"

"Na lako mbona umelipaka rangi mlangoni?"

Akaanza kupima upya. Nami nikapima kwa vidole, kisha tena, maana mafundi nawajua. Kati ya mstari na mstari palikuwa na nafasi tupu ya vidole viwili. Nikalaza fremu mbili kwa ubavu, moja juu na moja chini, mbao zikigusana.

"Toa ubao mmoja hapa katikati. Unaobaki utakaa penye nafasi. Kandokando weka kadi nyeupe, na vibanzi vya kuinua kioo, wino usije ukanata kwa unyevu."

"Hilo ni dirisha."

"Basi nitengenezee dirisha. Vibanzi bure."

"Kadi utalipa."

"Kadi nitalipa."

Alhamisi kaka akafika. Nilikwisha itundika, juu, ionekane tangu mlangoni. Akaegemea ukuta, akapapasa kioo kutoka juu, kidole kikagonga ubao wa katikati.

"Hapa niliacha nikanywe chai," akasema. Kidole kikashuka hadi pembeni. "Na jina?"

"Lipo, kaka. Lote."

Akalaza kiganja juu ya kioo.

"Mbona nimenyoosha mkono juu hivi? Wageni watakaa mikekani, dada. Ishushe walisome jina."

Nikaenda kutafuta nyundo.