Kangaga, Mke Mwenza wa Zaina

Wanawake wa mtaa, kila walipopita nyuma ya nyumba ya Jafari, hawakukosa la kumtania mkewe, Zaina: "Mama Zaina, muke mwenzako ameamuka muzuri?"

Mke huyo alikuwa kangaga, mmea wa msituni usiotoa ua wala tunda. Jafari, mtunza bustani wa kituo cha utafiti wa mimea cha Yangambi, alilitoa kando ya kijito huko Masako, mahali watu walipokuwa wakifyeka shamba, akalipanda katika chungu kilichovunjika mdomo, kwa udongo wa gogo lililooza. Alilikinga na jua, akalinywesha maji ya mvua tu, eti ya bomba yana ukali. Makangaga msituni ni tele, mengine huuzwa sokoni kama mboga iitwayo misili, lakini hili lenye ufito mweusi lilimshinda kulitambua.

"Jina yake iko chini ya majani," alisema. "Tungojee azae."

Zaina, ambaye miaka yote ya ndoa hakujaliwa kuzaa, alisikia neno hilo la mwisho tu, akaingia jikoni. Hakutaka kuelezwa zaidi. Nani angetaka?

Kisha uhuru, ambao watu walikuwa hawajamaliza kuuchezea ngoma, ukaleta vita. Mwaka wa sitini na nne waasi, wale Simba, wakauteka mji, na kila aliyenuka ofisi akawa adui. Ofisi Jafari hakuwa nayo. Alikuwa na miwani, na hiyo ikatosha. Walimchukua mchana kweupe, Zaina akabaki mlangoni ameshika bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Alilia mbele ya wakubwa, akatuma mashehe, akabisha kila mlango. Akarudi mikono mitupu. Kitu pekee alichoweza kukifanyia kazi kilikuwa chungu kile. Akaanza kumtunza mwenzake kwa moyo wote, akizungumza naye, mara nyingine akimgombeza. Siku moja aligeuza jani akaona upele: nukta za kahawia, mithili ya hina. Akashtuka. Mume arudi amkute mgonjwa? Alichukua maji vuguvugu, kitambaa na sabuni ya mawese, akapangusa jani moja moja kwa upole, kama anaogesha kichanga, mpaka yote yakatakata.

Wake waliruhusiwa mara mojamoja kupeleka chakula gerezani. Jafari alikuja mlangoni bila miwani, jicho moja limevimba, na kabla ya kugusa chakula akauliza habari za chungu.

"Ule mwenzako, chini ya majani iko nini? Nukta ao mistari?"

"Nukta, papa."

"Nukta! Bon. Bon!" Akataja jina refu la kizungu, Zaina asilishike hata kidogo. "Sikia. Ile vumbi ya nukta njo mbegu yake. Usipanguse, hein? Kata jani, funga ndani ya papier, ikauke. Kule Masako watu wamekwisha kuchoma yote. Ao umekwisha kukata?"

Zaina alihisi kama sabuni ingali vidoleni.

"Nimekata, papa. Iko ndani ya sanduku, pembeni ya Kurani."

Jafari akacheka, na midomo yake ikapasuka upya. "Alors, tutapata watoto," alisema, kabla mlinzi hajamsukuma ndani.

Novemba askari wa miavuli walishuka kuwafukuza waasi, milango ya gereza ikafunguliwa, na Jafari hakuwa miongoni mwa waliotoka. Hakuna aliyejua alikozikwa. Mvua zilipopungua kangaga nalo likaanza kukauka kuanzia ncha. Kila asubuhi Zaina aliyageuza majani yaliyobaki, akayakuta safi kabisa. Alikwenda hata pale alipomwaga yale maji ya sabuni, akapiga magoti, akapekua. Kulikuwa na nyasi na mavi ya kuku. Halafu chungu nacho kikabaki udongo mtupu.

Kwenye hitima wazee walisikitika kwamba Jafari ameondoka bila kuacha mtoto. Zaina alifungua kinywa kuwaambia kwamba marehemu mwenyewe alikwenda akijua anao watoto, ndani ya karatasi, pembeni ya Kurani.

Akakifunga. Sandukuni mlikuwa na Kurani tu.